Isalukazana: Mjusi, Nyoka na Faraja ya Wafiwa katika Kizulu

Katika lugha ya Kizulu mna neno isalukazana. Kwa umbo lake, neno hili ni udogo wa isalukazi, yaani bibi kizee. Kiambishi -ana, ambacho asili yake ni jina la mtoto, huja mwishoni na kukifanya kitajwacho kuwa kidogo. Lakini isalukazana ni jina la mjusi pia, na Wazulu wa Natal walioulizwa katika karne ya 19 walieleza kwamba bibi kizee akiisha kufa huweza kuonekana tena nyumbani kwa sura ya mjusi huyo. Kiswahili nacho humwita mkongwe kwa kiambishi cha udogo, kizee au kikongwe, ila hakikuvuka hatua moja zaidi na kumpa mjusi jina hilo.

Habari hizi zilikusanywa na Henry Callaway, mmisionari Mwingereza wa Springvale, na kuchapishwa kwa sehemu kati ya mwaka 1868 na 1870, maneno ya Kizulu yakiwa upande mmoja na tafsiri ya Kiingereza upande wa pili. Mmoja wa wasimulizi wake wakuu alikuwa Mpengula Mbanda. Kazi hiyo imetajwa mara nyingi na waandishi wa dini za Kiafrika, na aghalabu imetumiwa kuonyesha kwamba Wazulu waliabudu wanyama. Anayeyasoma maelezo yenyewe kwa utulivu huona jambo jingine kabisa: watu waliofiwa, wanaotaka kujua kama aliyewatoka bado anawakumbuka.

Kwanza, si kila nyoka aliyekuwa mtu. Nyoka wa porini aliogopwa na kuuawa kama kwingineko. Yule aliyehesabiwa kuwa idlozi alitambulikana kwa mwenendo wake: aliingia nyumbani kama mwenyeji, hakufuata panya, hakushtushwa na kelele za watu wala vivuli vyao. Ishara iliyo kuu, hata hivyo, haikuwa ya nyoka bali ya watu. Wasimulizi walisema kwamba anapoonekana huyo, wenye nyumba hawapatwi na hofu ya kuingiliwa na mnyama. Hupata furaha, kana kwamba mkubwa wa mji amerejea na kuwatuliza kwa kujitambulisha. Kwa hiyo moyo wa mfiwa ulikuwa sehemu ya ushahidi. Hapo ndipo wachambuzi wengi walipopita haraka mno.

Tena kulikuwa na alama za mwili. Ikiwa marehemu alikuwa na kovu, na nyoka ana kovu, au alikuwa na jicho moja, na nyoka ni chongo, jamaa waliunganisha hili na lile wakamtaja kwa jina. Mfiwa yeyote anaijua kazi hii ya macho: kutafuta katika kiumbe kilicho hai kile kidogo kilichokuwa cha mtu mmoja tu, wala si cha wafu wote kwa jumla.

Lugha yenyewe iliutegemeza utambuzi huo. Kitenzi -buya maana yake ni kurudi. Kwa kuongezewa -isa, kiambishi kilicho ndugu wa -isha ya Kiswahili, hupatikana -buyisa, kurudisha. Ukubuyisa ni sherehe ya kumrudisha marehemu nyumbani, ifanywayo baada ya muda wa matanga kupita, na ng'ombe huchinjwa. Asemaye hivyo hasemi kwamba marehemu amesahauliwa au amepumzika. Asema kwamba alikuwa safarini na sasa yumo. Neno jingine la mzimu, ithongo, lina shina moja na ubuthongo, yaani usingizi, na ndotoni ndimo aliyekufa alimonena. Mtu akimwua nyoka huyo kwa kutojua, ilisemekana, marehemu huja ndotoni kulalamika. Faraja hii basi ilikuwa na deni lake: anayerudi hutaka kutunzwa, na akipuuzwa huweza kuleta maradhi.

Jambo la kupendeza ni kwamba Wazulu hawakumnyima mtu. Wafalme na wakuu walikuwa mamba. Watu wa kawaida walikuwa umhlwazi, nyoka mdogo asiyedhuru. Na ajuza, ambaye pengine hakuwa na ng'ombe wala cheo, alikuwa na mjusi wake. Sivyo ilivyoandikwa juu ya Wamasai. A. C. Hollis, katika kitabu chake cha mwaka 1905, alieleza kwamba roho ya laiboni au ya tajiri ndiyo iliyogeuka nyoka na kwenda bomani kuwaangalia watoto wake. Watu wengine walikufa kama ng'ombe wafavyo. Lakini katika kitabu chake cha Wanandi, cha mwaka 1909, mna habari iliyo karibu zaidi na ile ya Natal. Nyoka akipanda kitanda cha mwanamke, hakuuawa. Alichukuliwa kuwa jamaa aliyefariki, aliyetumwa kumjulisha mama kwamba mtoto wake ajaye atazaliwa salama, naye alimwagiwa maziwa chini anywe. Mtu akumbuke ni wanawake wangapi wa zama zile waliowazika watoto wao wachanga, ndipo apime uzito wa maziwa hayo.

Taabu iliyobaki ni ya mfasiri wa Kiswahili. Neno mzimu latisha, pepo lapotosha, marehemu, lenye asili ya Kiarabu, lamwombea rehema aliyekwenda, lakini halimrudishi. Shina la mzimu lenyewe, likifika Kizulu kwa umbo la izimu, ni zimwi mla watu. Afadhali idlozi libaki kama lilivyo, na -buya lifasiriwe kwa maneno ya kila siku, "amerudi nyumbani", bila kuongeza "eti" wala "kwa imani yao". Na isalukazana asiitwe mjusi tu. Kizee ni neno lililopo tayari.