KILEMBE: SHABA, THELUJI NA JASHO LA MFANYAKAZI



Tukipita viwandani na mashambani kuandikisha wanachama, mara nyingi tunaulizwa habari za Kilembe. Mmoja anauliza kama mgodi utafunguliwa tena, mwingine kama ni kweli kuna kazi ya kuwapandisha wageni mlimani. Tumeona ni vizuri tuyaeleze mambo haya kwa utaratibu, kwa kuwa yanamhusu kila mtu anayeishi kwa mshahara, hata kama hajawahi kufika huko.

Kilembe ni wapi?

Ni bonde jembamba chini ya milima ya Rwenzori, wilaya ya Kasese, magharibi ya Uganda. Kutoka Kampala mpaka mjini Kasese ni safari ya kilomita zipatazo 350. Kutoka hapo unapanda kuufuata mto Nyamwamba mpaka kimo cha mita 1,450 hivi. Barabara inaishia hapo na mlima unaanza. Juu kabisa iko theluji, na kilele cha Margherita chenye mita 5,109, cha tatu kwa urefu Afrika baada ya Kilimanjaro na Kenya. Wenyeji wa milima hiyo ni Wakonzo, watu wa kulima miteremko mikali.

Mgodi ulivyoanza na ulivyokwisha

Mgodi wa shaba ulianza kutoa mali mwaka 1956, chini ya kampuni ya Wakanada. Reli ya kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka huohuo. Mawe yalichimbwa na kusagwa Kilembe, yakapakiwa kwenye mabehewa, yakapelekwa Jinja kuyeyushwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Katika miaka ya 1960 shaba ilikuwa ya tatu katika mali tulizouza nje, nyuma ya kahawa na pamba.

Tazameni mnyororo huo, ndugu. Mchimbaji wa Kilembe, mtu wa reli na mtu wa tanuri kule Jinja walikula chungu kimoja. Maelfu ya watu kutoka makabila mbalimbali walikaa katika nyumba za kampuni, na mgodi ulikuwa na hospitali yake, na hata mtambo wake wa umeme wa megawati 5 kwenye mto Mubuku.

Mwaka 1975 serikali ikauchukua mgodi. Vipuri vikawa haba, bei ya shaba ikaanguka, uchumi wa nchi nao ukavurugika. Kufikia mwaka 1982 mgodi ulikuwa umefungwa. Mnyororo ukakatika kila mahali: wa Kilembe akakosa kazi, wa tanuri Jinja akakosa mawe ya kuyeyusha, wa reli akakosa mzigo. Treni ya Kasese nayo haitembei tena tangu miaka mingi. Lakini nyumba za wachimbaji bado zinakaliwa mpaka leo.

Waliokuja baadaye

Kuanzia mwaka 1999 kampuni moja ya Kasese ilichukua makapi ya mgodi yaliyolundikwa tangu zamani, ikayatoa kobalti kwa kutumia vijidudu vinavyokula mawe. Kazi hiyo iliwapa watu ajira mpaka makapi yakaisha. Hilo ni somo: mali ya ardhini haizai, ikiisha imeisha.

Mwaka 2013 serikali iliukodisha mgodi kwa kampuni ya Tibet Hima ya China kwa miaka 25. Mwaka 2017, baada ya miaka minne tu, mkataba huo ukavunjwa, serikali ikaanza tena kutafuta mwekezaji. Kwa hiyo mfanyakazi asiuze shamba lake kwa sababu amesikia redioni kwamba mkataba umetiwa sahihi. Sahihi ni jambo moja, mshahara mkononi ni jambo jingine.

Wageni wa mlima

Kuna mali nyingine isiyochimbwa. Milima ya Rwenzori ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, na mwaka 1994 ikaandikwa katika urithi wa dunia. Siku hizi iko njia ya kupanda inayoanzia Kilembe penyewe. Mgeni hutumia wiki nzima au zaidi kwenda kileleni na kurudi, na hawezi kwenda peke yake. Anahitaji kiongozi, mpishi na wapagazi wa kubeba vyakula na mahema, kwenye matope, mvua na baridi kali. Hawa ni wafanyakazi kama sisi, ingawa hawana king'ora wala geti la kiwanda.

Sheria inasema asilimia 20 ya ada ya kuingia hifadhini irudi kwa serikali za mitaa zinazopakana nayo. Wananchi wana haki ya kuuliza katika baraza lao fedha hizo zimefanya nini.

Hatari zilizopo

Tusifiche. Mwezi wa Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika, ukabomoa nyumba na madaraja. Mei 2020 ukafurika tena, na hospitali ya Kilembe ikajaa mawe na matope, wagonjwa wakahamishwa. Makapi ya shaba yaliyobaki kando ya mto huliwa na maji na kushuka mpaka mashambani. Barafu ya juu nayo inayeyuka: mwaka 1906 ilifunika zaidi ya kilomita sita za mraba, leo haifiki hata moja. Mwekezaji yeyote atakayekuja, aulizwe kwanza atafanya nini na mto na makapi, kabla ya kuulizwa ataajiri wangapi.

Mambo ya kushika

Waswahili husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji haponi kwa kukaa kimya. Awe mgeni wa mgodi au mgeni wa mlima, mfanyakazi ashike mambo haya:

1. Katiba, kifungu cha 40, inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama au kujiunga nacho, kupatana na mwajiri kwa pamoja, na kugoma kwa kufuata sheria.

2. Kanuni za kazi za mwaka 2011 zinakataza kumweka mtu kibarua zaidi ya miezi minne. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi. Wekeni hesabu ya siku zenu katika daftari.

3. Mwajiri lazima apeleke NSSF asilimia 10 juu ya mshahara, na mfanyakazi hukatwa asilimia 5. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022, hata mwenye mfanyakazi mmoja anahusika. Kukatwa si kupelekwa, kwa hiyo ulizeni NSSF wenyewe.

4. Kima cha chini cha mshahara kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Bunge lilipitisha mswada mpya mwaka 2019, lakini Rais hakuutia sahihi. Maana yake mshahara wa haki hautoki kwenye sheria, unatoka kwenye mapatano ya chama na mwajiri.

Kwa hiyo mgodi ukifunguliwa kesho, chama kiwe kimetangulia getini. Wapagazi nao wasingoje kugawanywa na bei ya kila kampuni. Wakae pamoja, wapatane mzigo mmoja na ujira mmoja. Mlima ulikuwapo kabla ya kampuni zote, na watu wa bonde lile watabaki baada ya kampuni zote. Watakachobaki nacho ndicho kinachopiganiwa sasa.

Umoja wa wafanyakazi ni nguvu yao.