Ukisubiri Diski ya Terabaiti, Leta Kiti

Jumamosi iliyopita walikuja watatu. Wa kwanza kijana wa Kawangware mwenye kibanda cha kuchezesha PS. Wa pili mama kutoka Lavington, anamtafutia mwanawe zawadi ya kufunga shule. Wa tatu mwanafunzi wa chuo aliyepanda ngazi zangu za Moi Avenue akihema kama aliyefukuzwa na kanjo. Wote waliuliza swali moja, kila mtu kwa maneno yake: "Fundi, ninunue hii ya sasa, ama nisubiri ile itakuja na sidii kubwa?" Mama aliongeza kwamba amesikia Wachina wametengeneza sidii moja inayobeba michezo yote ya dunia.

Swali hili nimelijibu mara nyingi mpaka mke wangu, ambaye hajawahi kushika PS, anaweza kulijibu. Leo nalijibu kwa maandishi, nikate ukurasa niubandike mlangoni.

Hakuna cha kusubiri. Na sababu ya kutokuwapo cha kusubiri si ile mnayodhani.

Habari ya Wachina ni ya kweli, tumpe mama haki yake. Februari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Shanghai walichapisha katika jarida la Nature kazi yao kuhusu diski yenye umbo la DVD ya kawaida, yenye matabaka 100 ya data, inayoweza kubeba takriban terabaiti 200. Ni sayansi nzuri sana. Sasa tuitie kwenye mashine tuone. Kisoma-diski cha PS5 kinasoma diski ya gigabaiti 100 kwa kasi isiyozidi megabaiti 45 hivi kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, terabaiti 200 zinataka siku 51. Ukiitumbukiza asubuhi ya Madaraka Dei, itakuwa inasoma mchana na usiku hadi baada ya tarehe 20 Julai, na hapo stima isipotee hata mara moja. Nani ana mtaa wa namna hiyo?

Mtaniambia watatengeneza kisoma-diski chenye kasi zaidi. Watatengeneza, ndiyo. Lakini hifadhi iliyomo ndani ya PS5, ile SSD isiyo na kitu kinachozunguka, inasoma megabaiti 5,500 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya mara 120 ya diski. Pengo hilo halizibwi kwa kuizungusha diski kwa nguvu zaidi. Plastiki ina mwisho wake. Weka tangi la lita 10,000 juu ya nyumba, kisha ulifungie bomba la nusu inchi: utaoga ukingoja vilevile. Watu wanaziba masikio hapa. Wanaendelea kuniuliza ukubwa wa tangi.

Imani yenyewe ina asili yake, sikatai. Tulikulia kwenye hadithi ya diski kukua. PS ya kwanza ilikuja na CD ya megabaiti 700 hivi, na Final Fantasy VII ya 1997 ikahitaji CD tatu. PS2 ikaja na DVD mwaka 2000, gigabaiti 4.7, au 8.5 kwa yenye tabaka mbili. PS3 ikaleta Blu-ray mwaka 2006, gigabaiti 25 na 50. Kila mashine mpya, diski kubwa zaidi, michezo mizuri zaidi. Mtu akiona jogoo anawika kisha jua linachomoza, miaka ishirini mfululizo, ataamini jogoo ndiye anayelivuta jua.

Angalieni kilichotokea hasa. Mwaka 2008 Metal Gear Solid 4 ilijaza Blu-ray ya gigabaiti 50 pomoni. Diski ilitosha, mchezo wote ulikuwa ndani. Bado ulikuwa unasimamishwa kabla ya kila sura ili PS3 ihamishie data kwenye hadi disiki yake, nawe umekaa unamtazama shujaa akivuta sigara. Nafasi ilikuwapo, kasi haikuwapo. Kufika PS4 mwaka 2013, hadithi ya mchezo kuchezwa moja kwa moja kutoka kwenye diski ilikwisha kabisa. Kila mchezo wa PS4 na PS5 lazima umiminwe ndani ya mashine kwanza.

Kuna jambo jingine linalonichekesha kila nikilikumbuka. Lenzi ya diski, sawa na kichwa cha hadi disiki ya zamani, haisomi tu, inasafiri. Data ikiwa hapa na nyingine kule, inabidi iruke, na kila mruko unakula muda. Kwa hiyo watengenezaji wa michezo walikuwa wakiweka nakala nyingi za kitu kilekile, karibu na kila mahali kitakapohitajika. Machi 2020 Mark Cerny, mbunifu mkuu wa PS5, alieleza kwamba katika Marvel's Spider-Man ya PS4 kulikuwa na vipande vya data, kama vile sanduku la barua la barabarani, vilivyonakiliwa mara 400. Mara mia nne, sanduku la barua! Na mwishoni mwa 2025 toleo la kompyuta la Helldivers 2 lilipunguzwa kutoka gigabaiti 154 hivi hadi 23 hivi, hasa kwa kuondoa nakala za aina hiyo. Basi sehemu kubwa ya ule ukubwa mliokuwa mkiushangilia ilikuwa fidia ya uzembe wa lenzi na wa kichwa cha hadi disiki. Ukinipa diski kubwa zaidi yenye lenzi ileile, nitaijaza masanduku ya barua.

"Sawa fundi," akasema yule mwanafunzi, "lakini ikiwa kubwa si mchezo wote utakuwa ndani, niache kumaliza bando?"

Hapa ndipo ninapopandwa na hasira kidogo. Bando ni maumivu halisi. Kwa faiba ya megabiti 20 kwa sekunde, gigabaiti 100 zinachukua saa 11 na dakika kadhaa, na hapo hakuna mtu mwingine nyumbani anayetazama chochote. Kwa hiyo nawaelewa. Lakini mnamlaumu asiyehusika. Diski ya PS5 inaweza kubeba gigabaiti 100. Mwaka 2022 Call of Duty: Modern Warfare II ilitoka kwenye diski ya PS5 iliyokuwa na megabaiti 70 hivi. Megabaiti! Mchezo wenyewe ukabaki mtandaoni. Gari lilikuwa tupu na mzigo ukaachwa stendi. Si kwamba haukutosha, mwenye mzigo hakutaka kuupakia: diski zinachapishwa wiki nyingi kabla ya siku ya kuuza, na kampuni inataka wiki hizo ziendelee kutumika kurekebisha mchezo. Nintendo Switch 2 ya Juni 2025 imelifanya jambo hilo rasmi: baadhi ya kadi zake hazina mchezo kabisa, ni ufunguo tu wa kukuruhusu kupakua. Utampa mtu kama huyo diski ya terabaiti 200 afanyie nini?

Na kama ukubwa ndio ungekuwa dawa, dawa ilikuwa mezani. Machi 2014 Sony na Panasonic walitangaza diski ya gigabaiti 300 kwa ajili ya hifadhi za kumbukumbu za mashirika. PS5, ya Sony huyohuyo, ilikuja Novemba 2020, ikaipita diski hiyo kama matatu iliyojaa, ikachukua ya gigabaiti 100. Kwa nini? Kwa sababu ya 100 ilikuwa tayari inatengenezwa kwa wingi kwa ajili ya filamu.

Hilo ndilo ambalo sijawahi kulisikia likiulizwa kwenye kaunta yangu. Michezo haijawahi kujilipia diski yake. Tangu PS2, ilidandia. DVD ililipiwa na filamu. Blu-ray ililipiwa na filamu, na PS3 yenyewe ilitumika kama silaha ya kuishinda HD DVD ya Toshiba, iliyosalimu amri Februari 2008. Sasa shuka River Road uniambie ni maduka mangapi yanaishi kwa kuuza DVD za filamu. Wale waliokuwa wakichoma DVD siku hizi wanakujazia flashi, na flashi nayo inakufa kwa sababu watu wanatazama Netflix na YouTube kwenye simu. Samsung waliacha kuleta mashine mpya za Blu-ray mwaka 2019. Sony walisimamisha utengenezaji wa Blu-ray za kurekodia Februari 2025. Matatu haina dereva. Abiria mmoja amekaa kiti cha nyuma anauliza tutafika saa ngapi.

Diski ya leo basi ni nini? Ni logbuku. Ukishausakinisha mchezo, mashine inakudai diski kila ukiucheza, na haiidai kwa ajili ya data; inataka kuona kwamba ni wako. Ndiyo maana kijana wa Kawangware hawezi kutumia diski moja kwenye mashine mbili kwa wakati mmoja, hata kama mchezo umesakinishwa kwenye zote mbili, jambo ambalo amebishana nami kwa miezi. Ndiyo maana pia unaweza kuuza EA Sports FC yako ya mwaka jana mjini, ukaongeza kidogo, ukaondoka na ya mwaka huu. Mchezo uliopakuliwa hauna logbuku. Hauuzwi, haubadilishwi, hauazimwi jirani wa Kangemi. Na logbuku ya lori si kubwa kuliko ya pikipiki. Mkitaka kuhofia kitu kuhusu mashine zijazo, hofieni kwamba hazitakuwa na tundu la kuingizia karatasi hiyo. PS5 Pro ya Novemba 2024 haina. Kisoma-diski unanunua kando.

Kabla sijasahau, kwa kuwa kila anayeniuliza habari ya diski kubwa huwa amebeba mfukoni diski iliyokwaruzwa: acheni dawa ya meno. Acheni ganda la ndizi pia. Kwenye CD data iko chini ya plastiki ya milimita 1.2, kwenye DVD milimita 0.6, kwa hiyo aliyesugua juujuu miaka ile alikuwa na plastiki ya kuchezea, na pengine alifaulu, akawaambia binamu zake wote. Kwenye Blu-ray data iko milimita 0.1 tu kutoka juu. Ndivyo walivyoweza kushindilia data nyingi: leza yenye wimbi fupi, lenzi iliyo karibu, alama ndogo ndogo chini kidogo tu ya ngozi. Ngozi hiyo imepakwa koti gumu, ambalo ndilo kinga yake yote, na dawa ya meno ni mchanga laini. Unasugua koti, unabaki na ukungu. Ukubwa na udhaifu vimekuja pamoja katika kifurushi kimoja, na hiyo ya matabaka 100 sitaki hata kuifikiria mikononi mwa mtoto wa miaka sita. Nimeletewa diski zinazonukia mnanaa zaidi ya ninavyoweza kuhesabu. Sijaweza kuponya hata moja.

Haya, nafasi inaniishia, ya kufanya ni haya. Nunua mashine yenye kisoma-diski, kwa sababu mji huu una soko la mitumba na wewe utalitumia. Soma maandishi madogo nyuma ya kasha: wakikwambia upakuaji unahitajika, jua unanunua logbuku tupu. Diski ya mkono wa pili itazame chini ya mwanga mbele ya muuzaji, na uijaribu palepale. Ifute kwa kitambaa laini kikavu, kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Diski za PS5 kutoka Dubai na Uingereza zote zitacheza, ila vya ziada vya kununua mtandaoni vinataka akaunti ya eneo lilelile la diski; Kenya haimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Store, basi chagua nchi moja ya akaunti na usihamehame. Nafasi ikijaa, PS5 inakubali kuongezewa SSD ya M.2 ndani. Hadi disiki ya nje ya USB itahifadhi michezo ya PS5 lakini haitaichezesha, na michezo ya PS4 itachezeka kutoka hukohuko. Pakua usiku, mashine ikiwa imepumzika. Ukiwa na PS5 mbili, hamisha data kwa waya wa LAN, usipakue tena. Mama wa Lavington alinunua yenye kisoma-diski, akaondoka bila kuniuliza kitu kingine, Mungu ambariki.

Na ukinunua kisoma-diski cha kupachika, kifunge kwa mara ya kwanza mahali penye intaneti, maana hakifanyi kazi kabla ya kusajiliwa mtandaoni. Kijana wa Kawangware alinirudishia chake mara mbili akiapa ni kibovu, na mara zote mbili kilisoma kwenye meza yangu.