Je, Wajua? Mlima na Ufukwe kwa Safari Moja

Je, wajua kuwa ukiwa Songea unaweza kutazama viumbe wa mlimani na wa ufukweni katika mapumziko mamoja? Anzia bustani ya wanyamapori ya Ruhila, kisha panda safu ya Matogoro, unakoanzia Mto Ruvuma. Baadaye shika barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, lenye aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani. Chungulia penye miamba: samaki jike aina ya mbuna huatamia mayai yake mdomoni kwa takriban wiki 3. Msimu mzuri ni Juni hadi Oktoba, mvua zikiwa zimekatika. Beba sweta, Julai Songea ni baridi kweli.