Kitundu cha Mbrazil katika Maabara ya Wawi

Vikopo vya choo kutoka skuli za Pemba vikifika Wawi, nje kidogo ya Chake Chake, kila kimoja huwa na namba yake. Fundi wa Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000, huvaa glavu, akalaza wavu mwembamba juu ya choo na kuukandamiza ili makapi yabaki chini. Kilichopenya hukikwangua kwa kijiti, akakishindilia kwenye tundu la kipande cha plastiki kilicholazwa juu ya kioo. Akikiinua kipande kile, kioo hubaki na kitonge cha miligramu 41.7.

Hapo hukifunika kwa selofani iliyolowekwa katika glisirini na rangi ya kijani. Glisirini hukifanya choo kipitishe mwanga, na mayai ya minyoo yakaonekana kwenye hadubini. Fundi huyahesabu, akazidisha kwa 24, akapata idadi ya mayai katika gramu moja.

Ujuzi wa selofani ulitoka Japani kwa mtafiti aitwaye Kato, mwaka 1954. Tundu lenye kipimo ni kazi ya Naftale Katz na wenzake wa Belo Horizonte, Brazil, mwaka 1972. Nchi yao ilikuwa ikisumbuliwa na kichocho cha tumbo, nao walitaka kifaa rahisi cha kuhesabia mayai. Huku kwetu Brazil inasifiwa kwa mpira. Kipande hiki cha plastiki kinastahili sifa hiyohiyo.

Kwa nini kuhesabu? Kwa sababu mtoto mwenye minyoo michache huenda asioneshe dalili yoyote, na mwenzake mwenye minyoo mingi ya safura akapungukiwa damu hadi akashindwa kusoma. Tena bila hesabu hakuna ajuaye kama dawa imefanya kazi.

Skuli za Pemba zimekuwa zikigawa vidonge vya minyoo tangu miaka ya 1990, lakini minyoo mjeledi ni sugu: dawa ya albendazo peke yake huiacha kwa wengi. Watafiti wakajaribu kuongeza dawa ya ivamektini juu ya albendazo huko Pemba, Laos na Côte d'Ivoire, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Pemba na Laos, waliopewa dawa mbili walipona kwa wingi zaidi. Côte d'Ivoire tofauti ilikuwa ndogo. Tofauti hiyo ya nchi na nchi ilionekana kwa sababu mayai yalihesabiwa.

Njia hii ina upungufu wake. Minyoo ikiwa michache, kitonge kimoja kinaweza kukosa yai hata moja, ndiyo maana watafiti huandaa vioo kadhaa kwa mtoto mmoja. Na yai la mnyoo wa safura lina ganda jembamba: glisirini ikikaa mno, yai hufifia kabisa, na mtoto mgonjwa akaandikwa mzima. Kioo kilichoandaliwa saa tatu asubuhi kinapaswa kuwa kimesomwa kufikia saa nne.