Karo ya sekondari inabana: panga mapema, lipa kidogo kidogo

Simu inalia asubuhi. Ni mtoto: "Mama, tumetumwa nyumbani kuleta karo." Wateja wetu wengi wanaijua simu hiyo. Tuangalie presha hii inatoka wapi, na vile unaweza kujipanga.

Kwa nini shule inakusukuma?

Tangu 2018, mpango wa serikali umekuwa kuzipa shule Sh22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka. Julai 2025, Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba bajeti inaweza kumudu takriban Sh16,900 pekee. Kwa shule ya wanafunzi 600, hilo ni pengo la zaidi ya Sh3 milioni. Stima na mishahara ya wapishi haingoji, kwa hivyo mwalimu mkuu anamgeukia mzazi.

Muhula wa kwanza ndio mzito

Karo ya bweni katika shule za kitaifa imewekwa kuwa Sh53,554 kwa mwaka. Ikigawanywa 50:30:20, utalipa hivi:

- Muhula wa kwanza: Sh26,777
- Muhula wa pili: Sh16,066
- Muhula wa tatu: Sh10,711

Ukingoja Januari, karo itakukuta pamoja na sare na nauli, Krismasi ikiwa imemaliza mfuko. Ukianza kuweka Agosti, ni kama Sh180 kwa siku.

Fanya hivi

1. Weka pesa za karo kando na za matumizi. Akaunti ya akiba kwenye simu inasaidia, hasa ukiifunga hadi Januari.
2. Uliza shule kama inakubali malipo ya awamu. Kubaliana na mhasibu kabla ya shule kufunguliwa, sio baada ya mtoto kurudishwa.
3. Lipa moja kwa moja kwa Paybill au akaunti ya benki ya shule. Usitume kwa namba ya mtu binafsi, hata akisema ni mwalimu.
4. Kwa namba ya akaunti, andika namba ya usajili ya mwanafunzi. Ukikosea tarakimu moja, karo yako inaweza kuhesabiwa kwa mtoto wa wengine.
5. Usifute ujumbe wa malipo. Mhasibu akisema hajaona pesa, huo ndio ushahidi wako.

Chunga matapeli wa basari

Basari za kaunti na za eneobunge hulipwa kwa shule. Mtu akikuomba "ada kidogo ya kushughulikia fomu" kwa simu, kata. Akitaka PIN yako, kata haraka zaidi. Hata sisi hatutawahi kukuuliza PIN.

Pengo la serikali hatuwezi kuliziba. Lakini Sh180 ya leo inaweza kumweka mtoto wako darasani Januari. Anza na ulicho nacho.