Kingamwili zilivyofichua siri ya virusi vya uvimbe wa taya

MZAZI wa Kakamega anapoona taya la mwanawe likivimba, aghalabu hudhani ni jino bovu. Kumbe huenda ikawa saratani ya Burkitt, ambayo uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu kwa siku mbili tatu tu.

Saratani hiyo ilielezwa mwaka wa 1958 na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka wa 1964, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, wakiwa London, walitangaza kugundua virusi ndani ya seli za uvimbe huo.

Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wana virusi hivyo na wengi wao hawaugui. Je, vinawezaje kujificha mwilini maisha yote?

Jibu lilianzia kwa kingamwili. Hizi ni protini zinazotengenezwa na mwili ili kukabiliana na vitu vigeni. Kila aina hunasa shabaha yake pekee na kuacha nyingine, na kwa sababu hiyo mtafiti anaweza kuzitumia kuisaka protini moja miongoni mwa maelfu.

Katika miaka ya sitini, Dkt Peter Clifford wa Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, alikuwa akimtumia Profesa George Klein wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, sampuli za wagonjwa kwa ndege.

Mwaka wa 1973, Klein na mwenzake Beverly Reedman walichukua majimaji ya damu ya watu waliowahi kuambukizwa, wakayaweka juu ya seli zenye virusi, kisha wakaongeza rangi inayong'aa. Chini ya hadubini, viini vya seli viling'aa. Protini ya virusi ilikuwa imejificha mumo humo inamohifadhiwa DNA ya binadamu.

Protini muhimu kati ya hizo ni EBNA1. Mwaka wa 1985, John Yates, Nancy Warren na Bill Sugden wa Marekani walionyesha kuwa ndiyo inayowezesha DNA ya virusi kunakiliwa na kudumu.

EBNA1 hushika sehemu maalumu ya DNA hiyo na kuifanya mitambo ya seli yenyewe iinakili kila seli inapojiandaa kugawanyika. Kisha huifunga kwenye kromosomu, ili kila seli mpya ipate fungu lake.

Siku hizi watafiti huikata DNA vipande vipande na kutumia kingamwili kuiopoa EBNA1 pamoja na kipande ilichokishika. Kwa kukisoma kipande hicho, hujua ni wapi hasa protini inafanya kazi.

Aghalabu EBNA1 ndiyo protini pekee ya virusi inayoonekana katika uvimbe wa Burkitt. Ndiyo maana wanasayansi wanatafuta dawa ya kuizima.

Malaria nayo huchangia. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2012 ulibaini kuwa watoto wachanga wa Kisumu, penye malaria nyingi, huambukizwa virusi hivi mapema kuliko wenzao wa Nandi.

Kakamega ni miongoni mwa kaunti zilizoanza kutoa chanjo ya malaria kwa majaribio mwaka wa 2019. Chanjo hiyo na neti ni kinga dhidi ya malaria, si tiba ya saratani. Mtoto mwenye uvimbe wa taya au tumbo apelekwe hospitalini bila kuchelewa, kwani Burkitt ikigunduliwa mapema hutibika kwa dawa zilizopo.