Je, wajua kinachobana cheni ya injini?

Injini ya 1ZZ-FE, ile ya cc 1794 iliyomo kwenye Toyota Wish na Corolla nyingi za barabara zetu, inategemea kifaa kinachoenea kiganjani ambacho wenye magari wengi hawajawahi kukiona: tenshena ya cheni.

Cheni hutoka kwenye krenki kwenda kuzungusha kamshafti mbili zinazofungua valvu 16. Krenki ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kujifunga mara 25 kwa sekunde, huku ikipishana na pistoni. Upande mmoja wa cheni huvutwa na krenki, kwa hiyo umekaza muda wote. Upande wa pili hulegea, na hapo ndipo pini ya tenshena inaposukuma kiatu kirefu kinachoegemea cheni.

Uzuri wake uko ndani. Kuna springi, lakini inasaidiwa na presha ya oili ileile inayolainisha injini. Ubavuni mwa pini mna meno yaliyolala upande mmoja: pini ikishatoka jino moja, kufuli dogo huizuia kurudi nyuma. Hivyo hufuata cheni jinsi inavyorefuka mwaka hadi mwaka. Na cheni hairefuki kwa kuvutika; viungo vyake ndivyo vinavyolika. Kila kiungo kikilika sehemu moja tu ya mia ya milimita, kwenye viungo 100 hiyo ni milimita nzima.

Ukiwasha gari asubuhi ukasikia cheni ikilia krakrakra kwa sekunde mbili tatu kisha ikanyamaza, ni kwamba presha ya oili ilikuwa bado haijapanda. Usikimbilie dukani. Chomoa dipstiki kwanza. 1ZZ za mwanzo zinajulikana kwa kula oili, kwa sababu matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa madogo na yaliziba kwa masizi. Oili ikipungua sana, tenshena hukosa kinachoisukuma, na hapo hata tenshena mpya italia vilevile.

Ikiwa oili iko sawa na mlio haukomi, tenshena ibadilishwe. Kwenye 1ZZ imefungwa kwa nje kwa nati mbili tu, hivyo kava ya mbele haiguswi. Ila krenki isizungushwe hata kidogo tenshena ikiwa nje, maana cheni iliyolegea huruka meno, na kwenye injini nyingi za aina hii valvu zitagonga pistoni.

Kabla ya kuifunga mpya, fundi huachilia lile kufuli, huibonyeza pini hadi mwisho na kuinasa kwa ndoano ndogo ya tenshena, kisha huweka oringi iliyopakwa oili. Akishakaza nati, huzungusha krenki kidogo kinyume cha saa. Ule upande uliolegea sasa hukaza, kiatu huibonyeza pini, ndoano hujifungua na pini huruka nje. Fundi mwenye haraka huipuuza hatua hii, akawasha injini pini ikiwa bado imenaswa, cheni ikiwa haijabanwa na kitu. Ndoano ikishajifungua, krenki huzungushwa kwa mkono kufuata saa, kuhakikisha kiatu kinasukumwa.

Mlio ukiendelea hata baada ya yote hayo, cheni yenyewe na viatu vyake vimekwisha, na sasa kava ya mbele haina budi kufunguliwa.